Picha inapendeza, animesheni inaelea: ufanye mazoezi gani?

Swali: "Shikamoo. Niko Morogoro, nina miaka 22. Kwa miezi minane sasa nachora kila siku, kwa tableti ya kuchorea isiyo na kioo na laptopu yenye RAM ya GB 8, natumia programu ya kuchora ya Krita. Picha moja moja watu wanazisifia. Lakini nikimtembeza mhusika yuleyule, au nikimfanya anyanyue kitu, anaelea kama puto, na zikiisha sekunde mbili mwili wenyewe si wake tena. Nina saa moja tu kwa siku baada ya kazi. Je, niongeze anatomia, nirudi kwenye karatasi, au kifaa ndicho kinaniangusha?"

Marahaba. Kifaa huenda kina kosa moja dogo, nitalieleza mbele. Anatomia unayohitaji ni chache kuliko unavyodhani, na karatasi inafaa kwa sehemu moja tu ya mazoezi. Shida kubwa ni kwamba miezi yote minane umejizoeza kumaliza picha. Anayemaliza picha anatafuta mstari mzuri. Animeta, yaani mchoraji wa animesheni, anatafuta uzito wa mwili uko wapi, halafu anauhamisha. Ustadi huu wa pili unataka mazoezi yake peke yake, na hauji wenyewe hata uchore picha elfu za namna ya kwanza. Studio ya Walt Disney ililiona hilo mapema: mwaka 1932 ilifungua darasa la kuchora mwili humo humo kazini, chini ya mwalimu Don Graham, kwa watu waliokuwa tayari wanalipwa mshahara wa kuchora.

Umetaja dalili mbili. Tuzitenganishe, kwa sababu dawa zake si moja.

Tuanze na kuelea. Chanzo cha kwanza ni mkao. Chukua mchoro wako wowote wa mtu aliyesimama, utafute kile kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mifupa miwili ya mtulinga, halafu ushushe mstari ulionyooka wima kama timazi ya fundi mwashi. Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, timazi hiyo inaangukia kwenye unyayo uliobeba uzito. Akisimama kwa miguu yote miwili, inaangukia katikati ya nyayo. Ikiangukia nje, mtu huyo anaanguka, anakimbia, au ameegemea kitu. Hakuna hali ya nne. Michoro mingi inayoelea timazi yake iko nje kwa sentimita chache tu. Kwenye picha moja hakuna anayegundua, ila zikifuatana fremu (picha moja moja za mwendo) 24 kwa sekunde jicho linakataa papo hapo.

Mwangalie msukuma mkokoteni akipanda mlima. Nyayo ziko nyuma sana, mgongo na mguu wa nyuma ni mstari mmoja wa mshazari, na timazi ya koo inaangukia karibu na matairi. Ondoa mkokoteni, mtu ataanguka kifudifudi. Mkao huo ni sahihi kwa sababu mzigo unamrudisha. Ukimchora amesimama wima huku mikono imeshika vyuma, mkokoteni wake ni wa boksi tupu, hata ukijaza saruji juu yake.

Uzito wa kubeba nao una hesabu yake. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20 na ushee. Mtu wa kilo 60 akilishika kwa mkono wa kulia, likawa sentimita 30 kutoka mstari wa katikati, lazima uzito wa mwili wake uhamie kushoto karibu sentimita 10 ili mizani ikae kati ya nyayo (20 mara 30 ni sawa na 60 mara 10). Kwa hiyo kiwiliwili kinalala kushoto, mkono wa kushoto unatoka nje, bega la kulia linashuka, na shingo inapinda kurudi ili macho yabaki sawa. Mwili hauwezi kukwepa hesabu hiyo, lakini kalamu yako inaikwepa kila siku bila kujua.

Chanzo cha pili cha kuelea ni nafasi kati ya mchoro na mchoro. Kitu kikianguka kutoka urefu wa sentimita 120 kinatumia karibu nusu sekunde, yaani fremu 12. Ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama ilivyo kawaida, una michoro sita. Anayeanza atagawa sawa: sentimita 20, 40, 60, 80, 100, 120. Hilo ni puto. Uzito halisi unaongeza kasi kadiri unavyoshuka, hivyo vipimo kutoka juu vinakuwa takriban 3, 13, 30, 53, 83, 120. Pengo la kwanza ni sentimita 3, la mwisho 37. Kwenye kupanda ugeuze mpangilio: mapengo makubwa mwanzo, madogo juu. Mtu akiruka, nyonga zake zinafuata sheria hiyo hiyo ya kitu kinachoanguka. Mruko wa nusu mita unachukua fremu kama 8 kupanda na 8 kushuka. Ukimpa fremu 30 huko hewani, amekwishakuwa mwanaanga.

Dalili ya pili, mwili kuyeyuka, kwa kawaida ni kosa la utaratibu. Inaonekana unachora fremu ya kwanza, unawasha ganda la kitunguu (ile alama ya balbu kwenye mstari wa muda, inayoonyesha michoro ya jirani kama kivuli), unachora ya pili juu ya kivuli cha kwanza, ya tatu juu ya kivuli cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila mchoro unarithi kosa la uliotangulia. Kichwa kikikua asilimia 1 tu kila mara, baada ya michoro 24 kimekua karibu asilimia 27. Njia hiyo ina mahali pake: moto, moshi, maji, nywele. Mwili wa mtu unataka mikao mikuu kwanza. Chora mwanzo, mwisho, na ile mikao miwili mitatu ya katikati inayosimulia tendo, na kila mmoja uupime kwa karatasi ya mhusika (ile yenye umbo na vipimo vyake), usiupime kwa jirani yake. Michoro ya kati ijazwe baadaye, kati ya kuta ambazo haziyumbi.

Na hapo pa kujaza pana mtego. Mkono ukipepea kutoka kuning'inia hadi kunyooka mbele, ni robo ya duara. Ukiweka kiganja cha mchoro wa kati pale katikati kabisa ya viganja viwili, kwa rula, umekata tao, na mkono umefupika kwa karibu asilimia 29. Kwa mpepeo wa digrii 60 unafupika asilimia 13. Mtazamaji hatasema mkono umefupika, atasema mhusika ni wa mpira. Kabla ya kujaza, chora tao lenyewe kwenye leya (tabaka la mchoro) ya pembeni, utie alama za nukta pale viganja vitakapopita, halafu ndipo uchore mikono. Fanya vivyo hivyo kwa pua ya mhusika anapogeuza kichwa: karibu kila mara kichwa kinachogeuka kinashuka kidogo katikati ya safari.

Sasa kifaa. Tableti nyingi zisizo na kioo eneo lake la kuchorea lina uwiano wa 16 kwa 10, wakati kioo cha laptopu ni 16 kwa 9. Tuseme eneo lako ni milimita 254 kwa 159. Dereva, yaani programu inayoiunganisha tableti na laptopu, akilinyoosha lote lijaze kioo, mkono wako ukichora duara, kioo kinatoa yai lililolala, na kila mtu unayemchora anafupika kwa asilimia 10. Jicho linapigana na mkono kila siku nawe unadhani hujui vipimo. Fungua mipangilio ya dereva, tafuta sehemu ya eneo la kazi, ulazimishe uwiano ulingane na wa kioo. Milimita 254 kwa 143 zitatosha. Jaribu kwa kuweka sarafu juu ya tableti na kuizungusha kalamu: kwenye kioo lazima itoke duara. Na ukishaweka, usibadilishe tena. Mkono unahitaji wiki kadhaa kuamini ramani mpya.

GB 8 zinatosha kabisa kwa mazoezi. Leya iliyojaa ya 1920 kwa 1080 inakula karibu MB 8 kwa fremu. Ya 3840 kwa 2160 inakula MB 33. Watu huchagua ile kubwa "kwa ubora", halafu wanalalamika laptopu inakwama. Fanya mazoezi ya mwendo kwenye 1280 kwa 720, fremu 24 kwa sekunde, kila mchoro ukae fremu mbili, leya mbili tatu basi. Ganda la kitunguu lionyeshe mchoro mmoja wa nyuma na mmoja wa mbele. Ukiwasha mitano mitano unachora ndani ya ukungu.

Kwa michoro ya haraka weka masharti magumu zaidi: leya moja, brashi ngumu ya pikseli 8 hadi 12, kitulizaji cha brashi (kinacholainisha mstari) kimezimwa, turubai, yaani uwanja wa kuchorea, yote inaonekana, hakuna kukuza (zoom), na Ctrl+Z ya kufuta ni marufuku. Kitulizaji kinafaa siku ya kusafisha mistari. Kwenye zoezi kinaficha mtetemo ambao ndio unatakiwa uusikie. Na kukuza ndiko kunakozaa picha yenye jicho zuri juu ya mwili uliovunjika kiuno, kwa sababu mchoraji alikuwa ndani ya jicho dakika ishirini nzima. Ukishindwa kujizuia na Ctrl+Z, hapo ndipo karatasi inapofaa: A4 za kawaida za rimu na kalamu ya wino, ile ya bluu ya shuleni. Wino haufutiki, na rimu moja ni karatasi 500, pande mbili. Karatasi ina faida nyingine: ukizishika tatu kati ya vidole na kuzipindua kwa zamu, unaona mwendo mkononi mwako. Ujuzi huo wa kupindua ukiuzoea, hata kwenye Krita utajikuta unarudi nyuma na mbele kati ya fremu mbili badala ya kukodolea kivuli.

Saa yako moja igawe hivi. Dakika 5 za mistari mirefu na maduara, kwa bega na kiwiko, kifundo cha mkono kimetulia. Dakika 15 za mikao ya haraka: kumi ya sekunde 30, kumi ya dakika moja. Dakika 10 za kumbukumbu. Nusu saa iliyobaki yote ni mwendo. Siku nyingine utakuwa umechoka; punguza sehemu za mwanzo, nusu saa ya mwendo usiiguse, maana ndiyo uliyoikosa miezi minane.

Mkao wa dakika moja unachorwaje? Sekunde tano za kwanza usichore. Jiulize uzito uko mguu gani, na mwili unasukuma, unavuta au unaning'inia. Kisha vuta mstari wa tendo: mstari mmoja, usioinuliwa, kutoka kichwani hadi unyayo uliobeba uzito, umbo la C au S. Huo mstari ni njia ya nguvu, si uti wa mgongo, na unaruhusiwa kutoka nje ya mwili. Halafu mistari miwili mifupi ya mwinamo, mmoja wa mabega na mmoja wa nyonga. Mtu aliyeegemea mguu mmoja, nyonga ya mguu huo inapanda na bega la upande huo huo linashuka. Ukiona mistari yote miwili imelala sambamba, angalia tena. Baada ya hapo yai la mbavu, boksi la nyonga, mpira wa kichwa, na mwisho ndipo miguu na mikono. Uso, vidole na mikunjo ya nguo havimo katika dakika hiyo.

Makosa yanayojirudia ni machache. La kwanza ni uvimbe unaokabiliana: paja limetuna kulia na kushoto kwa kimo kilekile, mkono vilevile, na mtu anaonekana ni magunia yaliyofungwa kamba. Kwenye mwili halisi vilele vinapishana. Kwenye mguu wa chini, kwa mfano, uvimbe wa nje wa shavu uko juu zaidi ya wa ndani, na vifundo viko kinyume: cha ndani kiko juu, cha nje chini. Weka mstari ulionyooka upande mmoja na uliopinda upande wa pili. Kosa la pili ni mistari yenye manyoya, vipande vidogo vidogo vya woga. La tatu ni uoga wa aina nyingine, kupunguza mwinamo. Mkono wa mwanadamu unapenda kunyoosha. Mkao wenye mshazari wa digrii 30 unatoka na 20. Kwa hiyo zidisha kwa makusudi. Ukichora mkao uleule mara ya pili, sukuma mstari wa tendo uwe mkali kuliko ulivyoona, kisha ulinganishe. Mara nyingi ule uliodhani umetia chumvi ndio unaofanana na mtu.

Mikao utaipata wapi? Darasa lenye mtu anayekaa mbele ya wachoraji si rahisi kulipata kila mji, wala hulihitaji ili uanze. Uwanja wa mpira jioni una watu wenye bukta na fulana, magoti na viwiko viko wazi, na hakuna anayetulia, jambo ambalo linakulazimisha ukamate na uhifadhi kichwani. Stendi ya mabasi ina wabebaji, makonda, mama mwenye mtoto mgongoni. Mtu akikuuliza unachora nini, mwonyeshe daftari. Ukificha ndipo maneno yanapoanza. Nyumbani mwombe mdogo wako anyanyue dumu mbele ya simu, urekodi kwa ubavu, kamera imetulia usawa wa kiuno chake. Kwenye VLC, programu ya kuchezesha video, kitufe cha E kinasogeza video fremu moja moja. Kumbuka kubadilisha hesabu: video ya fremu 30 kwa sekunde, tendo lililochukua fremu 10, kwako ni fremu 8. Na kuna hazina ya zamani isiyo na gharama: picha za Eadweard Muybridge za watu na wanyama katika mwendo, mabamba 781 yaliyochapishwa 1887, hakimiliki yake imekwisha. Mengi yana mistari ya gridi nyuma, hivyo unaweza kupima kichwa kimeshuka kiasi gani kati ya hatua na hatua.

Onyo moja kuhusu video: usipige chapa fremu zote, yaani usichore juu ya video yenyewe. Mwendo uliopigwa chapa unatoka mlegevu, kwa sababu mstari unafuata kila mtetemo wa nguo na unapoteza nguvu ya mkao. Chagua mikao mikuu minne mitano, funga video, uchore upya huku ukizidisha, halafu uifungue tu kuhakikisha muda.

Zile dakika 10 za kumbukumbu wengi huziruka, nami naona ndizo zenye faida kuliko zote kwa animeta. Tazama mkao sekunde 30 bila kushika kalamu. Ufunike. Chora kwa sekunde 90. Fungua, na kwa rangi nyekundu sahihisha juu ya ulichochora. Mikao mitano, dakika kumi. Wiki mbili za kwanza ni aibu tupu, zivumilie. Kuanzia wiki ya tatu ongeza ugumu: mkao ulioutazama kutoka mbele, uchore kana kwamba umehama hatua tatu kulia. Hapo yai na boksi vinalipa gharama yake, maana boksi unajua kuligeuza na muhtasari wa mwili huwezi. Mhusika anayejulikana kwa muhtasari tu atayeyuka siku ya kwanza atakapogeuka.

Anatomia sasa. Jifunze viungo vinavyobeba mwendo, misuli inaweza kusubiri. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa 7 na nusu, nusu ya urefu iko kwenye kinena, kiganja kinafika katikati ya paja, unyayo una urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Mtoto mdogo ana vichwa 4 hivi, na mhusika wa katuni ana idadi utakayoamua, ila ukishaamua iandike kwenye karatasi yake na uiheshimu. Mkono ukiinuliwa hadi juu kabisa, nyuzi 180, karibu theluthi moja ya safari hiyo ni ya mfupa wa bega unaozunguka mgongoni. Ndiyo maana mkono ulioinuliwa juu ya bega ambalo halikupanda unaonekana umepachikwa kwa gundi. Mbavu hazikunjiki, nyonga hazikunjiki. Kinachokunjika ni kiuno kilicho kati yake, basi ukimwinamisha mtu, boksi na yai vibaki na umbo lake. Vidole vichore kwanza kama glavu ya mtoto, gumba peke yake na vinne pamoja. Uso utaujua polepole.

Nguo ni jambo ambalo vitabu vya nje haviwezi kukusaidia sana. Kanzu na buibui vinaficha goti, na anayeanza anafurahi kwamba ameepuka kazi. Kitakachotokea ni kengele inayoteleza sakafuni. Chora miguu kwanza kwenye leya ya chini, iache itembee vizuri, ndipo uvike nguo: kitambaa kinaning'inia kutoka mabegani, goti la mbele linakisukuma, na pindo linafika mahali fremu mbili hadi nne baada ya mguu. Kanga iliyofungwa kiunoni inabana paja, hatua inakuwa fupi, na mikunjo inatoka kwenye fundo kama miale.

Kutembea ni zoezi zuri, lakini lisiwe la kwanza. Hatua ya kawaida ni fremu 12, mzunguko wa hatua mbili 24. Fremu ya 1 kisigino cha mbele kinagusa. Ya 4 goti linapokea uzito na mwili uko chini kabisa. Ya 7 mguu unapita mwingine. Ya 10 mwili unapanda na kidole kinasukuma. Ya 13 kisigino cha pili kinagusa. Ukipima watu halisi utaona mwili unafika juu kabisa pale miguu inapopishana. Maanimeta huchelewesha kilele kidogo kwa sababu kinasomeka vizuri zaidi. Mabega na nyonga vinazunguka kinyume. Kwenye kupishana, nyonga ya mguu ulio hewani inashuka kidogo, na bila hilo mtu anatembea kama amevaa mbao.

Nusu saa ya mwendo, basi, naipanga hivi kwa miezi mitatu. Wiki mbili za mwanzo mpira tu: mpira wa miguu, kisha wa tenisi, kisha jiwe, kwa vile vipimo vya 3, 13, 30. Usione ni utoto. Wiki mbili zinazofuata gunia lililojaa nusu, lenye pembe nne, liruke na kutua. Pembe za juu ni mabega, za chini ni nyonga, na ndani yake ujazo haubadiliki: likibonyea lazima litanuke. Mwezi wa pili, mtu wa yai na boksi, bila uso, ananyanyua dumu la lita 20. Fanya mara mbili, dumu tupu na dumu lililojaa.

Dumu tupu: anainama, mkono unashika, mwili na dumu vinaondoka pamoja, kiwiko kimekunjika, na dumu linapita kidogo juu ya mahali pake kabla halijatulia kwa sababu nguvu ilizidi. Fremu 20 zinatosha. Dumu lililojaa: nyayo zinasogea karibu na mzigo kabla ya kitu chochote. Magoti yanakunjika. Mkono unashika, kisha mwili unaanza kupanda na dumu halitoki. Fremu 4 hadi 6 mkono unanyooka, bega linavutwa chini, kichwa kinaingia mabegani, na dumu bado liko ardhini. Hizo fremu chache ndizo zinazomwambia mtazamaji kilo. Halafu linatoka, polepole, pengo dogo dogo; kiwiliwili kinalala upande wa pili, mkono wa kushoto unatupwa nje, mwili unapitiliza kidogo na kurudi. Jumla fremu 48 hivi, michoro 24. Mikao mikuu mitano uichore siku ya kwanza, uitazame siku mbili nzima bila kuongeza kitu, ubadilishe tu muda kati yake. Mikao mitano ikiwa na muda sahihi tayari inaonyesha uzito. Isipoonyesha, michoro ya kati haitaiokoa.

Kila Jumamosi pima kazi kwa njia mbili za haraka. Jaza mwili rangi nyeusi uone kama kivuli peke yake kinasema mtu anafanya nini; mkono uliopotea mbele ya kifua utauona mara moja. Kisha bonyeza M, Krita igeuze turubai kushoto kulia. Mwinamo ambao jicho lilikwishauzoea utachomoza kama mguu wa meza mbovu. Weka tarehe kwenye kila faili, na usifute zile mbaya.

Mkono ukiuma kwenye kifundo au gumba likipata ganzi, acha siku hiyo hiyo, usisukume. Mara nyingi unabana kalamu kwa nguvu au unachora kwa kifundo tu kwa sababu umekuza turubai. Ukiwa safarini na simu tu, programu ya animesheni ya FlipaClip inatosha kwa mpira na gunia kwa ncha ya kidole. Mwili uache hadi ufike nyumbani. Na kama baadaye utahamia programu ya Blender na wahusika wa pande tatu (3D), mikao hiyo midogo ya dakika moja ndiyo utakayochora kwanza pembeni ya kila shoti, kwa hiyo hakuna kitakachopotea.

Mwezi wa tatu ndio wa kutembea: kwanza mikono mitupu, kisha umpe ndoo kichwani. Sasa hawezi kulala upande wowote: shingo na mgongo vinasimama wima chini ya mzigo, na kile kichwa ulichokuwa unakishusha kwenye fremu ya 4 na kukipandisha kwenye ya 10 sasa kinapita karibu kwenye mstari ulionyooka. Magoti na nyonga ndivyo vinavyomeza mshtuko wote, hatua inafupika, na mkono mmoja ukiwa juu umeshika ndoo, bega lake limepanda. Chora kwanza mstari wa njia ya ndoo kwenye leya yake, ulionyooka, na ujenge mwili kutoka hapo kushuka chini.